Kuchoma mashamba msimu huu

Habari za asubuhi ndugu zangu. Kiangazi kimekolea, na upepo wa mchana si wa kuaminiwa. Sisi tunaopakana na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, Mufindi, tusichome shamba bila kibali cha kijiji na bila kuwaambia majirani wa pande zote. Fyeka kwanza njia pana kuzunguka shamba, ibaki udongo mtupu. Choma upepo ukiwa umetulia, mkiwa wengi, na matawi mabichi na ndoo za maji karibu. Msiondoke visiki vikiwa bado vinafuka. Mwageni maji, fukieni. Takataka ni za kuchomea shimoni, jamani, si kando ya mipaina ya mtu. Warina asali wa mienge, nanyi mmo. Moto ukiwashinda pigeni Zimamoto, 114, ndipo muandike hapa kundini.