Kwa mafundi vijana wa Mombasa: mzigo wa toleo la kale

Wanangu mnaotunza kompyuta za shule Kisauni, zahanati Likoni na maduka ya Mwembe Tayari, salaam aleikum.

Nawaandikia kwa sababu ya barua mnazowapelekea watu wanaotunga programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Seva imewekwa mwaka 2021, haikuguswa tena, leo imegoma, basi mtu anamwandikia mtunzaji wa programu: "Tuna wateja wanangoja, tengeneza leo." Yule hana mkataba nanyi. Leseni ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, inasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana, na leseni ya GPL inasema vivyo hivyo. Wengi wao hufanya kazi hiyo usiku, baada ya ile inayowapa riziki.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hapa ndipo usufi unapoonekana. Mnamwambia, "Weka tu kiraka kwenye toleo letu." Neno hilo "tu" linaficha kazi nyingi. Kiraka, yaani marekebisho madogo ya msimbo, hushonwa juu ya msimbo wa leo. Ndani ya miaka mitatu jina la faili limebadilika, kazi (function) moja imegawanywa mara mbili, na maktaba ya msimbo iliyo chini yake imekuwa nyingine. Mistari mitano iliyoponya toleo jipya haikai kwenye la kale. Lazima aiandike upya, atafute mfumo wa zamani wa kuijaribia, aijaribu, kisha aitoe. Akibeba matoleo manne, kila hitilafu ni kazi nne. Python 2.7, lugha ya kuandikia programu, ilitoka 2010 na ilikuwa ifungwe 2015. Watunzaji wake wakaibeba mpaka tarehe 1 Januari 2020, na bado wapo walionung'unika siku ile kwamba hawakupewa muda.

Sisemi toleo la kale ni dhambi. Wapo waliojitwika kulitunza kwa hiari yao, na hao ndio wa kuwaendea. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ikishatoa toleo imara, nambari za programu zilizomo karibu zote husimama palepale, na viraka vya usalama hushonwa humo humo. Tazama nambari hii: 1.1.1n-0+deb11u5. Kabla ya kistari ni toleo la OpenSSL yenyewe, programu ya kusimba mawasiliano. Baada yake ni habari za Debian 11, sasisho la tano. Watungaji wa OpenSSL waliacha kutoa viraka vya 1.1.1 kwa umma Septemba 2023, lakini Debian 11 imeendelea kuitunza, na imewekewa kikomo cha Agosti 2026. Kwa hiyo chombo cha ukaguzi wa usalama kinachosoma "1.1.1n" peke yake kitakutisha bure. Andika amri apt changelog openssl (apt ni chombo cha Debian cha kusakinisha programu) uone ni matundu gani yameshazibwa. Hilo fanya kabla hujamsumbua mtu yeyote.

Wakati mwingine ukale huo ndio hukinga. Aliyekuwa akitunza xz, programu ya kubana faili, kwa kujitolea alishinikizwa hadharani mwaka 2022 kwamba anachelewa. Mwishowe msaidizi mmoja alipewa mamlaka, naye akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 mwanaprogramu Andres Freund aliugundua kwa kuona kuingia kwenye seva ya mbali kwa SSH kumechelewa nusu sekunde hivi. Debian imara ilikuwa bado na 5.4.1, ikanusurika. Lakini zingatieni mlango ulipitia wapi: kwa mtu aliyechoka na kukaripiwa. Maneno makali mnayoandika yana kazi yake, na si kazi mnayoidhani.

Sasa, nani aulizwe? Andika apt policy na jina la programu. Ikiwa ilitoka kwenye hazina ya Debian, hitilafu ipelekwe Debian kwa amri ya reportbug, si kwa mtungaji. Ikiwa uliipakua mwenyewe ukaifungua ndani ya folda ya /opt, mtunzaji wa toleo hilo ni wewe. Kwa mtungaji nenda tu ukiwa umeliona tatizo kwenye toleo lake la mwisho, katika laptopu ya pembeni au ndani ya kontena (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta). Mweleze toleo, hatua za kulirudia, ulichotarajia na kilichotokea, na ubandike ujumbe wa kosa kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haitafutiki.

Na ukikuta toleo jipya halina tatizo ila huwezi kuhama wiki hii, itafute marekebisho mwenyewe. Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, ina amri ya bisect inayolisaka badiliko kwa kugawa historia nusu kwa nusu, nayo inakubali maneno yako:

git bisect start --term-old=mbovu --term-new=zima

Kisha, tuseme toleo lako ni 2.1 na jipya ni 3.0, git bisect mbovu v2.1, na git bisect zima v3.0. Itakupa badiliko la katikati. Lijaribu hilo, useme mbovu au zima, ikupe lingine. Mabadiliko 1,000 yanamalizwa kwa majaribio kama kumi. Ukilipata, lilete kwenye toleo lako kwa git cherry-pick -x, ujaribu, na ulitunze wewe. Wengi wakionja kazi hii mara moja, lugha yao kwa watunzaji hubadilika.

Kuhama kwenyewe kuna adabu yake. Kutoka Debian 11 hadi 13 hupiti kwa kuruka. Pitia 12 kwanza. Toa nakala ya hifadhidata kwa pg_dumpall (ya PostgreSQL) au mysqldump (ya MySQL), uifungue kwenye mashine nyingine, kwani nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala. Kagua nafasi ya / na /boot kwa df -h. Ingia ndani ya tmux, programu inayoweka kazi yako hai kwenye seva, maana mtandao ukikatika katikati ya SSH kazi itabaki nusu. Na stima yetu mnaijua, basi UPS iwe na chaji. Badilisha bullseye (jina la Debian 11) kuwa bookworm (jina la Debian 12) katika faili ya sources.list, ongeza sehemu ya non-free-firmware ikiwa kadi ya mtandao inaihitaji, kisha apt update, apt upgrade --without-new-pkgs, na mwisho apt full-upgrade. Apt itakuambia ukubwa wa mzigo kabla hujakubali, ujue kama bando litatosha.

Yanayovunjika mara nyingi ni haya. PHP, lugha ya kuandikia tovuti, hutoka 7.4 kwenda 8.2: each() imeondolewa, na programu inayoiita husimama kwa kosa; tena 0 == "abc" iliyokuwa kweli sasa ni uongo, kwa hiyo fomu za zamani huharibika kimyakimya bila kosa lolote kuonekana. Pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, hukataa kusakinisha kwenye mfumo mzima; tengeneza mazingira kwa python3 -m venv. Hifadhidata ya PostgreSQL 13 hubaki ikiendesha data zako huku 15 ikikaa tupu pembeni. Ondoa ile tupu kwa pg_dropcluster --stop 15 main, halafu hamisha data kwa pg_upgradecluster 13 main. Msije mkakosea nambari hapo: ukiandika 13 kwenye amri ya kwanza umefuta data ya mteja.

Nanyi mnaotoa programu zenu wenyewe, andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi ni matoleo mangapi mnayatunza na mpaka tarehe gani. Malalamiko ya toleo lililopita muda yafungeni kwa upole, kwa mstari mmoja na kiungo cha ukurasa huo. Hamna deni la kueleza zaidi.

Wenye seva za wateja, katika bei mnayompa mwenye duka wekeni siku mbili za kupandisha toleo kila mwaka, zilipwe kama kazi nyingine, na tarehe ya mwisho wa toleo iandikwe juu ya sanduku la seva kwa kalamu isiyofutika.

Wasalaam,
Mzee wenu, Mombasa