Mtoto wa Tanga apimwe kwa Kiswahili chake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Jambo lenyewe limenikaa kooni tangu mwezi wa tatu na nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Nina kijana wa miaka minne, maneno yake machache na mengi anayaelewa mama yake tu, mimi mwenyewe baba mtu nusu nabahatisha. Ushauri tumepewa mwingi mpaka basi. Mara akatwe kimeo, mara ana utando chini ya ulimi, mara baba yake naye alichelewa kuongea (siyo kweli, mama yangu yupo hai kamuulizeni), mara simu ndo zinaharibu watoto wa siku hizi. Mwisho tukaelekezwa Dar kwenye kliniki moja ambayo sitaitaja, tukapanda basi alfajiri mimi na mama yake na dogo kalala mapajani njia nzima.

Mtaalamu mwenyewe wa tiba ya usemi ni binti mdogo, mpole, kasoma nje ya nchi, na sina ugomvi naye hata kidogo. Akakaa chini kwenye mkeka na mtoto, akatoa kadi za picha. Ya kwanza paka, dogo akasema "paka", tukafurahi. Ya pili ilikuwa yule mtu wa theluji wa Wazungu, madude matatu meupe ya mviringo yamepandana. Mtoto kaangalia, kaangalia, akachangamka akasema "gali!"

Dada akaniangalia akasema, "Baba, anasema gari?" huku kalamu inaandika. Nikachungulia karatasi, kumbe kaandika makosa mawili, picha hajaitambua, halafu na r kaifanya l. Mimi nikamwambia dada samahani, huyu hajasema gari, kasema ugali. Kwetu mama yake akisonga huwa anamkatia madonge anayapanga kwenye sahani yapoe, mtoto kaona madonge. Kwa hiyo r haikuwepo kabisa hapo ya kukosewa, na neno kalipata vizuri tu kwa alivyoiona ile picha, alichoangusha ni u ya mwanzo basi.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, nafundisha viambishi na ngeli kila siku iendayo kwa Mungu, na ile u ndo iliyonikosesha usingizi. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, u-GA-li, na mtoto mdogo huwa anaacha silabi ya mwanzo ambayo haina mkazo, siyo wangu peke yake, kasikilizeni watoto wa chekechea. Swali ni je, mpaka umri gani ni kawaida, na kuanzia umri gani useme hapa kuna tatizo? Dada akanijibu kwa unyoofu kabisa kwamba fomu anayotumia imetafsiriwa kutoka Kiingereza na umri ulioandikwa pale ni wa watoto wa huko.

Hapo ndo ninapotaka kufika mhariri. Fomu unaweza kuitafsiri, lakini lugha haikai mahali pamoja. Kiingereza mambo yake mengi ya sarufi wanayaning'iniza mwisho wa neno, wingi mwishoni, wakati uliopita mwishoni, kwa hiyo mtaalamu wao akitafuta mtoto aliyechelewa anasikiliza mikia ya maneno. Kwetu mzigo uko kichwani. Chukua "hawakunipikia", kabla hujafika kwenye "pik" umeshasema nani, umeshakanusha, umeshataja wakati, umeshamtaja na aliyenyimwa chakula. Ukimpima mtoto wa Kiswahili kwa kusikiliza mkia utamwambia mzima anaumwa na mgonjwa utamwambia nenda nyumbani.

Na siyo maneno yangu ya kijiweni, utafiti upo ila haba. Kamil Ud Deen, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliwafuatilia watoto wadogo wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, kitabu chake kilitoka 2005, akakuta wanadondosha viambishi vya mwanzo wa kitenzi, cha mtenda na hata cha wakati, lakini ile irabu ya mwisho hawaiachi. Na watu wazima wa pale nao viambishi vingine wanavimeza, sasa mtoto akivimeza utamlaumu vipi? Halafu 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town wakachapisha kazi kuhusu matamshi ya watoto wa Dar es Salaam wa miaka mitatu mpaka sita. Watoto 24. Kazi nzuri na nawashukuru, ila 24 hao ni pungufu ya nusu ya darasa langu la Form One, na ni watoto wa Dar wala siyo wa Pemba wala wa Sumbawanga.

Hilo la watoto kutofautiana mahali na mahali msilione dogo. Mama mkwe wangu anasema "lafiki" na "balabala", kauza samaki sokoni miaka arobaini na hakuna mteja hata mmoja aliyeshindwa kumuelewa, ni lugha ya kwao aliyoanza nayo tu haitenganishi r na l. Mjukuu wake akiongea kama bibi yake aandikiwe ugonjwa? Inatakiwa mtu akae, apime, aandike, kwamba hili ni lafudhi na hili ni tatizo, na huyo mtu ni mhadhiri wa chuo kikuu, kwa sababu binti wa kliniki mwenye foleni ya wazazi mlangoni hana muda wa kufanya utafiti.

Wenzetu Waganda walianza mapema. Makerere walifungua shahada ya tiba ya usemi na lugha 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, iko hospitali ya Mulago chini ya idara ya masikio, pua na koo. Kwetu Muhimbili nao wana shahada inayounganisha usikivu na usemi, na nilivyosikia nilishangilia kama timu imefunga. Lakini kufungua kozi siyo kama kufungua duka. Fani hii huwezi kuwajaza wanafunzi mia mbili ukumbini ukawasomea slaidi, kila mmoja lazima akae na wagonjwa mbele ya macho ya mkufunzi, amrekebishe pale pale. Kwa hiyo idadi ya wataalamu tutakaopata inategemea tuna wakufunzi wangapi, na mkufunzi huyo huyo tunataka afundishe, asimamie kliniki, asahihishe mitihani, na usiku akiwa amechoka ndo aandike utafiti wa Kiswahili. Haiwezekani, na anayedhani inawezekana aje ashike vipindi vyangu wiki moja tu.

Na wagonjwa wenyewe siyo watoto tu. Shangazi yangu alipopata kiharusi, tulikuwa tunamlisha uji na kila kijiko anapaliwa, sisi tunasema ni uzee, kumbe kumeza nako ni kazi ya wataalamu hawa hawa na kuna namna ya kumkalisha mtu na kuuongeza uji uzito usimwingie njia ya hewa. Tulikuja kujua baadaye sana. Kuna wenye kigugumizi, kuna watoto wa mdomo sungura ambao wakishashonwa bado hawajafundishwa kutoa p na b, kuna na waliougua malaria kali. Hilo la mwisho limefanyiwa kazi Kilifi, hapo jirani kwa Wakenya, watafiti wakaonyesha malaria kali inaweza kumwachia mtoto matatizo ya lugha muda mrefu baada ya homa kuisha. Na Kilifi hiyo hiyo Katie Alcock wa Chuo Kikuu cha Lancaster na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na Kigiriama, wakaja na utaratibu wa kumhoji mzazi ambaye hajui kusoma badala ya kumpa fomu ajaze. Basi kumbe inawezekana! Mzazi wa kwetu anahojiwa kwa lugha yake na jibu linaingia kwenye sayansi.

Ombi langu ni moja. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TATAKI, taasisi yao ya taaluma za Kiswahili, wasomi wanaokijua Kiswahili mpaka mifupa yake, na Upanga kuna Muhimbili na wagonjwa. Kati yao ni safari ya daladala. Waketi wakubaliane kwamba kila mwanafunzi wa shahada ya pili ya isimu anayetafuta mada achukue watoto, siyo kila mwaka tasnifu nyingine ya sitiari kwenye mashairi (nayapenda mashairi, msinipige mawe), na kila mwanafunzi wa tiba ya usemi apite kwenye vipindi vya fonolojia, yaani mpangilio wa sauti, ya Kiswahili kule Mlimani, na mhadhiri atakayewasimamia apunguziwe vipindi ili kazi hiyo ihesabiwe kama kazi. Hela za utafiti wizara zote mbili, ya afya na ya elimu, zichange, maana mtoto asiyeongea leo ni mwanafunzi wangu anayekaa nyuma kimya kesho, nimewafundisha wawili watatu wa aina hiyo na nilikuwa nawaita wavivu. Mungu anisamehe.

Dogo anaendelea, tumeshaenda mara nne. Safari ya tatu nilibeba daftari langu la mraba nimechora picha mwenyewe kwa bikpeni: ndoo, bajaji, nazi, kifuniko, mbuzi, jembe, mama anasonga ugali. Dada wa kliniki akaipiga picha kila karatasi na simu yake. Mtoto zote akazitaja kwa namna yake, "fuliko", "ndoo", "bajaji" ya kwake, hadi alipofika kwa mbuzi akasema "bwa". Nikanyong'onyea. Dada akalichukua daftari, akaligeuza huku na huku, akacheka mpaka machozi: "Baba, huyu kweli ni mbwa. Hili kosa ni lako."

Mzazi na mwalimu,
Makorora, Tanga