Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama 46 wa Chama cha Historia cha shule yetu hapa Eastlands, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu atatoka makumbusho, na kwamba kazi yake ni kutunza vitu vya kale, tuliona risala hii isiwe ya kuisifu shule. Tuna jambo linalotuwasha, na wewe ndiye wa kulisikia.

Muhula huu tulijadiliana kama intaneti inaweza kuchukua nafasi ya makumbusho. Walioshikilia kwamba inaweza hawakuwa wavivu wa kusafiri. Walisema ukweli mchungu: wengi wetu tumepita Museum Hill kwa matatu mara nyingi, na mlango wa makumbusho hatujaukanyaga. Nauli ni pesa, kiingilio ni pesa. Bando ndogo ya simu ya mama inamfikisha mtu London na kumrudisha kabla ya chakula cha jioni. Wakauliza pia: Mvulana wa Turkana, yule wa mifupa ya kale, yuko Nairobi, je, mtoto wa Lodwar, huko huko Turkana, atamwonea wapi kama si kwenye simu? Hapo upande wa pili ulinyamaza. Swali hilo mpaka leo hatuna jibu lake kamili.

Lakini kuhusu huyo Mvulana wa Turkana, tulijifunza jambo. Mwaka 1984, kule Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mtafutaji wa mifupa ya kale, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe. Kutokana na kipande hicho ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya mtoto aliyeishi takribani miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwanzoni wataalamu walikadiria kwamba alifariki akiwa na miaka 11 au 12. Miaka mingi baadaye, waliochunguza jinsi meno yalivyokuwa yakikua wakasema huenda alikuwa na miaka 8 hivi. Kama mwaka 1984 wangepiga picha nzuri kisha mifupa ikapotea, tungebaki na jibu la kwanza milele. Kumbe mifupa ile bado inaulizwa maswali, na bado inajibu.

Tena kuna suala la ukubwa. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufika alitusimulia alivyosimama chini ya sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekwa chini ya ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na kufa mwaka 1974. Ni sanamu tu, si Ahmed mwenyewe, lakini shingo ilimuuma kwa kutazama juu. Kwenye simu, siafu na ndovu hutoshana.

Mgeni wetu, lililotugusa zaidi ni hili. Tulipotafuta mtandaoni vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo, tulikuta kwamba watafiti wa hapa kwetu na wenzao wa Ujerumani wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 katika taasisi 30. Kimoja ni Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, iliyotwaliwa na maafisa wa Kiingereza mwaka 1902 na sasa iko British Museum. Mmoja wetu kwao ni Tana River. Alimpigia nyanya yake simu akamwonyesha picha ya ngoma. Nyanya aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Inalia?" Hakuna aliyejua la kumjibu. Ngoma ile wazee waliificha, wachache mno waliiona kwa macho, lakini kijiji kizima kiliijua kwa mlio wake. Intaneti imempa nyanya kile ambacho hakuwahi kukihitaji, yaani sura, na kile alichokiuliza, yaani mlio, hakikupatikana.

Vivyo hivyo vigango vya Wamijikenda. Kigango, nguzo ya mti iliyochongwa, si pambo. Husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki, na hakitakiwi kung'olewa. Vingi viliibwa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois, Marekani, yalirudisha vigango 37. Picha zake zingeweza kutumwa kwa dakika moja, tena bila gharama, lakini familia hazikudai picha.

Hatuidharau intaneti. Bila hiyo tusingeijua Ngadji wala tusingejua pa kuidai. Na makumbusho ya taifa ya Brazil, mjini Rio de Janeiro, yalipoungua Septemba 2018 yakiwa na vitu takribani milioni 20, wanafunzi wa huko waliwaomba watu watume picha walizowahi kupiga ndani yake. Picha zile zina thamani kubwa. Tunaamini kila mmoja wao angezitoa zote ili arudishiwe jengo na vilivyokuwemo.

Basi, mgeni wetu, tuna maombi matatu. La kwanza, tunaomba siku moja ya ziara, pamoja na mtu wa kutueleza kinachofanyika nyuma ya vioo: ghalani na maabarani, mahali ambapo simu haifiki. La pili, shule za mbali, Lodwar ikiwemo, zipelekewe nakala za mifupa ambazo watoto wanaweza kuzishika, maana picha wanazo tayari. La tatu, mnapozungumza na wanaoishikilia Ngadji, mtuwekee nafasi ya kusikiliza, hata kama ni kupitia mtandao.

Mwalimu Mkuu ameshatukubalia basi la shule siku yoyote ya Jumamosi. Tunachosubiri ni tarehe kutoka kwako.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wanachama wa Chama cha Historia