Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2015/2016

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha kutembeza wageni ufuoni Diani, pwani ya kusini ya Kenya, wazee wa chama, mabibi na mabwana,

Asalaam aleikum na hamjambo. Shughuli za kawaida nitazipitia mbio, kwa sababu nyote mlikuwapo, au mlipaswa kuwapo. Ufuo tumeusafisha mara nne. Vitambulisho vipya vya watembezaji vimetoka. Mashua mbili za sakafu ya kioo zimekarabatiwa, mafunzo ya huduma ya kwanza yamefanyika, na tumewazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Mzozo wa maegesho umekwisha, na nitashukuru usipofufuliwa leo.

Sasa nije kwa lile linalonifanya nipigiwe simu usiku: uamuzi wa kamati wa kuwatoza wageni wa ndani, yaani Wakenya, bei ya chini, kwa shilingi, badala ya bei ya yuro tuliyoizoea. Nimeitwa muuza chama. Nimeambiwa nimewashusha hadhi watu waliokijua Kijerumani na Kiitaliano kabla ya kuijua barabara ya Nairobi. Nimenyamaza kwa heshima. Leo nasema.

Mwaka 2011 nchi hii ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8. Mwaka huo huo Waingereza wakavamiwa Kiwayu na mama wa Kifaransa akatekwa Manda, kote huko Lamu. Septemba 2013 likaja shambulio la duka la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Juni 2014 mauaji ya Mpeketoni. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, roho 148. Takwimu za serikali zinasema mwaka 2015 wageni hawakufika hata milioni 1.2, na mapato ya utalii yameshuka kutoka karibu shilingi bilioni 98 mwaka 2011 hadi bilioni 84 na kitu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea Diani. Lakini mtu wa Ulaya akitazama ramani, Garissa na Diani anazifunika kwa kidole kimoja.

Tena si hofu tu iliyotumaliza, ni karatasi. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, isipokuwa kwa safari ya lazima. Diani haikutajwa, wala uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Wengine wenu mlikuja kwangu mkishangilia. Nikawauliza: mgeni akishuka uwanjani atafikaje huku bila kupita kisiwani na kuvuka feri ya Likoni? Isitoshe, serikali ikishatoa onyo la namna hiyo, bima ya safari kwa kawaida haimlipi anayekaidi, na kampuni ya watalii haitaki kumbeba mtu asiye na bima. Siku chache tu, mamia ya Waingereza wakakatizwa likizo na kurudishwa kwao, na ndege za chata, zile zinazokodiwa na kampuni za watalii, zikasitishwa hadi Oktoba. Onyo lilipokuja kulegezwa Juni 2015, hoteli zilikuwa zimefunga na wapishi wamerudi kwao bara. Ndege ya chata hupangwa miezi mingi kabla ya msimu. Haiitwi kwa mkono kama tuktuk.

Na hoteli ikifunga haifi peke yake. Mvuvi wa Gazi hana wa kumuuzia kamba, mama wa Ukunda hana mashuka ya kufua, mkulima wa Shimba Hills anaozewa na machungwa, na duka lililokuwa likiwakopesha wote hao linateremsha pazia. Kijana aliyekosa kazi ufuoni ndiye anayenong'onezewa habari za kujiunga na al-Shabaab Somalia. Hatulisemi kwa sauti, lakini wapo wazazi wa Kwale wanaolijua.

Basi wakati huo nani alikuja? Mkenya. Rais alitangaza Mei 2014 kwamba kampuni ikimlipia mfanyakazi likizo ya humu nchini, gharama hiyo itatolewa kwenye mapato yake yanayotozwa kodi. Mwaka 2015 takriban nusu ya vitanda vilivyolaliwa hotelini vililaliwa na wakazi wa nchi hii. Mimi nililiona hilo mapema, na kumbukumbu za kikao ziko kwa katibu kwa atakayetaka kuhakikisha.

Nakubali, mgeni wa ndani hanunui kinyago. Hubeba chakula chake, hubishana bei ya mashua hadi maji yakapwa, na huja Krismasi, Pasaka na shule zikifungwa tu. Lakini Desemba iliyopita mashua zetu zilijaa, na mliozijaza mnajijua. Na likitokea la kutokea, Mungu apishe mbali, yeye hana ubalozi wa kumwambia asije kwao.

Kuhusu lile basi dogo linaloleta vikundi kutoka Nairobi: si la binamu yangu kama inavyosemwa sokoni. Ni la shemeji yangu, na lilipewa kazi kwa kura ya kamati. Mimi nilitoka nje kura ikipigwa.

Wanaolalamika zaidi hawakuwapo tulipokutana. Mkutano wa Novemba tuliwaalika wanachama wote 143, wakaja 29, na chai ilikuwa ya watu mia. Waliolipa ada mwaka huu ni 61. Mapato ya chama yalikuwa shilingi 387,500, matumizi 402,300, mfuko wa dharura una 118,000, na mikopo tuliyowapa wanachama mwaka 2014, ndege zilipokatika, 264,000 haijarudi. Majina ninayo. Sitayasoma leo.

Mwaka ujao tunatarajia mengi. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ikikamilika huenda ikatuletea watu, barabara ya kukwepa feri tumeahidiwa, taa za ufuoni tunazungumza na kaunti, na Wajerumani wanaweza kurudi kidogo kidogo, inshallah.

Ada ni shilingi 1,500. Mweka hazina amekaa karibu na mlango na kitabu cha risiti kiko wazi. Kwa mujibu wa katiba yetu, asiye na risiti hapigi kura katika ajenda ya sita, ambayo ndiyo ajenda ya bei.

Ahsanteni.

Mwenyekiti