Shukrani kwa mama muuza soda
Mama, kwa kuwa hukupenda jina lako litajwe, nakushukuru hivi hivi kwa niaba ya watoto wangu wa darasa la pili. Ulipotuletea mfuko wa vizibo nilidhani ni vya kuhesabia tu, kumbe ulikuwa umefikiria mbali zaidi. Uliketi nao mkekani, ukawaonyesha kufunga vijiti kumi kumi kwa mpira, na swali la 32 kutoa 17, ambalo nilikuwa nimelifundisha ubaoni wiki nzima bila mafanikio, likaeleweka pale mtoto alipofungua fungu moja mwenyewe, akapata mamoja 12, akaondoa 7, yakabaki 5, kisha akaondoa fungu moja kati ya mawili yaliyosalia na kupata 15. Mimi nilizoea kusema “kopa kumi”, nao wakiniuliza deni hilo tutalilipa lini (swali la haki kabisa). Kwa vizibo wakacheza duka: 8 na 5, wakihamisha 2 kutoka kwenye 5 ili kukamilisha kumi, vikabaki 3, jumla 13. Vijiti vingine vimeshavunjika, lakini vizibo bado tunavyo vyote. Asante sana, mama.