Shoga, usininunie, msimu umekwisha

Traunstein, Ujerumani, 28 Machi 2025

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wote wa Barabara ya 10 mkiwa buheri wa afya, saumu inakwenda vizuri na mguu wa mzee umepoa. Mimi sijambo, alhamdulillah. Baridi imelegea. Juzi nimeanika nguo nje kwa mara ya kwanza tangu Novemba, nikasimama pale uani nikizitazama zinapepea kama vile sijawahi kuona kamba ya nguo.

Bi Mwanahawa amenifikishia salamu zako neno kwa neno. Eti nimekuwa Mzungu, eti tangu Desemba sikumbuki nilikotoka. Maneno hayo yameniuma kwa sababu nusu yake ni haki yako. Nimekaa kimya, na sina ugonjwa wa kusingizia. Kila Jumamosi na Jumapili iliyokuwa ya kukuandikia wewe ilichukuliwa na mbio, nami nataka nikueleze mbio gani, ili ukiendelea kuninunia uninunie kwa jambo unalolijua.

Mchezo wenyewe unaitwa bayathloni. Mtu anateleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za miguuni, milima kupanda na kushuka, bunduki ya kilo 3.5 mgongoni. Anafika kwenye shabaha moyo unamdunda hadi kooni, na hapohapo anatakiwa atulie kama anayetunga uzi kwenye sindano. Shabaha ni tano, umbali wa mita 50. Akipiga amelala kifudifudi, shabaha ina upana wa milimita 45; haifiki hata mdomo wa kikombe cha kahawa ya barazani. Akipiga amesimama, ni milimita 115, tuseme kisahani chake. Akikosa moja, anazunguka mita 150 za adhabu huku wenzake wanakwenda zao. Ndiyo maana hakuna aliyeshinda mpaka amevuka mstari. Anayeongoza kwa dakika nzima anaweza kukosa risasi tatu, ukamkuta anazunguka peke yake kama kuku aliyepotea.

Aliyeniingiza humo ni Bibi wa chumba namba 12, hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilikutajia yule anayefuma soksi? Macho yamemwishia. Anaona mwanga na vivuli tu, lakini mbio hizi amezifuata miaka mingi na hataki kuziacha. Basi tangu mwaka juzi mimi ndiye macho yake. Ninakaa kando ya kiti chake, ananishika vidole viwili, namhesabia: imeingia, imeingia, imekosa. Kila risasi anabana. Mkono ule ni mwepesi, mifupa mitupu, lakini risasi ya tano anabana hadi pete inaniumiza. Nilipomwambia kwetu ni jirani na Kenya, unajua alinitajia nani? Philip Boit, yule Mkenya wa Nagano 1998! Akanisimulia jinsi Bjørn Dæhlie, bingwa mwenyewe, alivyosimama kwenye baridi akimsubiri Boit aliyefika wa mwisho, ili amkumbatie. Na Boit naye akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Ile ilikuwa mbio ya skii tupu, haina bunduki, lakini Bibi kwake theluji yote ni moja.

Sasa msimu huu. Ulianza Kontiolahti, Ufini, mwishoni mwa Novemba, ukapita Austria, Ufaransa, huku Ujerumani, Italia, mashindano ya dunia yakawa Lenzerheide, Uswisi, mwezi wa pili, na umemalizikia Oslo Jumapili iliyopita. Kila mbio ina pointi, mshindi 90, wa pili 75, na anayeongoza jumla anavaa namba ya njano. Mwenye pointi nyingi mwisho wa msimu anapewa tufe la kioo.

Namba ya njano kwa wanawake alikuwa nayo Franziska Preuß, binti wa hukuhuku kwetu Bavaria. Watu wa hapa wanamzungumzia kama anavyozungumziwa mtoto wa jirani aliyeugua sana. Na kweli ameugua. Msimu hadi msimu alikuwa akianza vizuri, kisha homa, kisha kifua, anarudi kitandani wenzake wakigawana medali. Mwaka jana akafanyiwa upasuaji wa sainasi, na safari hii mwili ukamkubalia. Januari nilikwenda kumwona Ruhpolding. Ni treni ndogo tu kutoka hapa, haifiki nusu saa. Shoga, uwanja ule! Maelfu ya watu wamevaa kofia za sufu, kila risasi ikiingia wanapiga ukelele mmoja, hey, halafu tena hey, mpaka unafika wa tano, na hapo kimya kinaingia, nikasikia vibendera vya kupimia upepo vinapigapiga. Kibati cheusi kikageuka cheupe, nikajikuta nimemkumbatia mwanamke nisiyemjua.

Januari hiyohiyo ndugu wawili wa Norway, Johannes na Tarjei Bø, wakatangaza kwamba wanastaafu msimu ukiisha. Johannes ana dhahabu 23 za mashindano ya dunia, hakuna mwanamume aliyewahi kufika hapo. Alitaka kuwa zaidi na watoto wake. Bibi aliomboleza siku mbili. Tufe la wanaume lenyewe limechukuliwa na Sturla Holm Lægreid, Mnorway mwenzao, naye ni haki yake kabisa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie leo ni hiyo Jumapili ya Oslo. Siku tano zimepita na bado iko kifuani.

Mbio ya mwisho ya wanawake, wote 30 wanaanza pamoja. Preuß na Mfaransa Lou Jeanmonnot, binti wa miaka 26, wametenganishwa na pointi chache mno, msimu mzima umebaki mkononi mwao wawili. Mimi nimefunga, midomo imekauka, nimesimulia mpaka sauti imekatika. Wametoka kwenye shabaha ya mwisho, wakaenda pamoja, bega kwa bega, mlima, mteremko, na mstari wa mwisho unaonekana. Hapo Jeanmonnot akaanguka. Wanagombea njia, skii zikagusana, akapoteza mizani, chini. Preuß akapita. Tufe likawa lake, la kwanza kwa mwanamke wa Ujerumani tangu Laura Dahlmeier mwaka 2017.

Sebule nzima ililipuka. Wazee wanapiga meza. Nikaangalia mkono wangu, bado umeshikwa. Bibi aliniuliza, "Yule mwingine ameinuka?" Nikamwambia ameinuka, anamaliza. Akaachia vidole vyangu, machozi yakamtoka.

Mama Salma, mimi nilikuwa nimemwombea Preuß. Nimemwombea kwa jina, kwenye mfungo! Na nilifurahi. Ila furaha yenyewe ilinikwama, na mpaka sasa nikilala namwona yule binti mikono yake ikitafuta pa kushika. Miezi minne, nchi kwa nchi, halafu mita chache tu.

Jioni, wakati wa kumlaza, Bibi akanieleza jambo nililokuwa silijui. Mwaka 2014, Olimpiki ya Sochi, mbio za kupokezana, Wajerumani walimtanguliza msichana wa miaka 19. Mbio hazijakolea, akaanguka, fimbo yake ya kujisukumia ikavunjika, na timu nzima ikapotelea hapo. Msichana huyo alikuwa Preuß. Miaka 11 ametembea na mwanguko ule. Nikakaa kitandani kwake na taulo mkononi, nisijue niseme nini. Kwa hiyo katika Oslo nzima siku ile, hakuna aliyejua anachokisikia Jeanmonnot kuliko yuleyule aliyempita.

Sijui kwa nini nakuandikia hili wewe na si mwingine. Labda kwa sababu ya yale ya Zuhura kwenye mtihani, ambayo hukutaka tuyazungumze kwa simu. Si lazima tuyazungumze sasa.

Nina malalamiko pia, msimamizi wetu wa zamu amenipangia Idi mosi kazini, asubuhi mpaka jioni, na nilimwambia mapema. Nitaswali kwenye chumba cha kukunjia shuka. Hapo ndipo nitakapokukumbuka zaidi, na tambi zako, na kelele za watoto wa mlango wa pili.

Sasa nina ombi, na ni la haraka. Nitafutie doti moja ya kanga ya njano, njano ya embe bivu, ile isiyopauka. Ni ya Bibi. Nimemweleza kuhusu kanga, na kwamba kila moja ina jina lake, akasema anataka inayosema subira. Ukipata "Subira yavuta heri" nitakushukuru, usipopata chagua wewe, unajua kuchagua. Pesa nitamtumia Bi Mwanahawa. Kaka yake Mama Idrisa anarudi huku mwezi wa tano, ana nafasi kwenye begi, nimeshamuuliza.

Na sasa nijibu. Mzee ameacha kweli ile dawa ya chai, au anakuficha? Mtaswalia Tangamano, au mvua imeharibu? Nani anapika kaimati mwaka huu, usiniambie ni yuleyule! Zuhura ameamua kurudia? Anakula vizuri? Anatoka nje? Na wewe, ungekuwa pale sebuleni, ungeshangilia kwanza au ungeuliza kama Bibi? Niambie kweli, usinipambie.

Msimu ujao unaanza Novemba. Nitakuandikia kabla.

Shoga yako,
Zubeda