Wimbo wa Kijiti bado unawahusu mashahidi wetu

Mhariri, asalaam aleikum na poleni na kazi.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, jambo hili limenikaa rohoni. Kila ikifika shughuli ya utamaduni hapa Unguja lazima Siti binti Saad atajwe, mama wa taarab, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu mpaka mwaka 1928 akafika Bombay kurikodi santuri, watu wanapiga makofi halafu ratiba inaendelea. Yote hayo kweli na anastahili, lakini jamani mbona hatusemi alikuwa anaimba nini?

Chukueni wimbo wa Kijiti. Ni kisa cha kweli cha enzi za Mwingereza, mwanamke mgeni kaja Unguja kutoka Dar es Salaam, akatolewa matembezi, pombe ikawepo, mwisho yule Kijiti akamfanyia unyama na kumuua. Kijiti akavuka zake bara. Waliofungwa ni nani? Wale wanawake wawili waliosimama mahakamani kutoa ushahidi! Siti akaimba, na kule Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida ng'ambo ya Mji Mkongwe, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwa sababu kesi waliijua na majina waliyajua, tena aliimba kwa Kiswahili wakati taarab ya majumba ya masultani tangu Barghash ilikuwa ya Kiarabu. Wengi waliokuwa wakimsikiliza wazee wao walikuwa watumwa, kama wazee wake yeye, kwa hiyo mahakama ya mkoloni ikimpa haki nani na ikimnyima nani walikuwa wanajionea wenyewe.

Watu wengi wanauchukulia ule kuwa wimbo wa mauaji. Kwangu mimi ni wimbo wa mashahidi, na ndiyo sababu nasema ni wa leo.

Maana hebu tuangalie kesi za udhalilishaji wa kijinsia zinakwendaje. Mahakama maalum tunazo tangu 2021, dawati la jinsia lipo polisi, bara nako sheria ya makosa ya kujamiiana ipo tangu 1998. Lakini kesi inafika katikati shahidi haonekani. Kisa muhali, ile haya ya kumuudhi ndugu au jirani. Mama anaripoti mtoto wake kaharibiwa, jioni hiyohiyo wazee washafika barazani, "yule si mtoto wa kaka yako? utaifunga damu yako mwenyewe?", na hapo hata chai haijamiminwa. Akikaza roho akaendelea, basi ndo nauli ya kwenda mahakamani leo, imeahirishwa, wiki ya pili tena, imeahirishwa, na kila akirudi mtaani shoga zake wanamkata jicho kana kwamba yeye ndo mkosaji. Mwisho anakaa kimya na mtuhumiwa anarudi kwao.

Halafu ingieni mitandaoni siku mwanamke ameuawa msome watu wanavyoandika, alifuata nini usiku, alikuwa amevaa nini, kwani pombe alilazimishwa. Yaani maneno yaleyale waliyobebeshwa wale wanawake wa enzi ya Siti, tofauti ni kwamba sasa yanaandikwa kwa simu.

Wanahabari wanawake wa TAMWA waliliona hili mapema, jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Sisi wengine bado tunamuweka Siti ukutani kama picha. Shuleni watoto wakifundishwa nyimbo za taarab wanahesabishwa vina na mizani basi, mwalimu anapita hapohapo juu ya mwanamke aliyeuawa na mashahidi waliofungwa, wakati darasani wamo wasichana ambao kesi zao zimemalizwa kifamilia na wao wanakijua kinachoimbwa kuliko mwalimu.

Naomba redio zetu, wimbo huo ukipigwa usipite hivihivi, muelezeeni msikilizaji kisa chake halafu muite mtu wa dawati la jinsia aseme shahidi aende wapi na ana haki gani. Na wahusika wa mahakama nao, shahidi apewe nauli yake siku hiyohiyo, mtoto asikilizwe bila kukaa uso kwa uso na aliyemharibu, na kesi zisiahirishwe ovyo mpaka watu wachoke. Masheha, hawa viongozi wa serikali kwenye shehia zetu, wanaopatanisha kesi za ubakaji barazani nao waulizwe, kwa sababu wanajulikana.

Msomaji wenu,
Unguja